Msoma Mita

Pete ilitoka bila sabuni.
"Zamani," akasema Mzee Semhando,
"hata kwa mafuta ya nazi ilikuwa inagoma."
Nikaiweka kisahanini pamoja na funguo
na sarafu za nauli ya kurudi Makorora.

Macho yake rangi ya binzari.
Mkewe alikuwa amemkata kucha zote
asijichubue usiku akijikuna.
Mtaani walishasema: mambo yametumbukia nyongo.
Safari hii haukuwa msemo.

Miaka thelathini na mmoja alisoma mita za maji,
Mabawa, Duga, Mikanjuni, kalamu sikioni,
akipiga magoti mbele ya vijisanduku vya buibui.
Basi nilipoanza kumweleza mashine inatafuta nini,
kwamba mwilini maji hayatulii,
kila chembe inatangatanga, inapenya kati ya seli na seli,
na pale seli zilipobanana kama watu kwenye foleni ya sukari
maji hukosa pa kwenda, na picha huyaonyesha yaking'aa,
alinikatiza.
"Kumbe unatafuta maji yaliyosimama."

Ndiyo, mzee.
Vuta pumzi. Toa. Zuia hapo.

Mashine ikagonga kama fundi anayedai.
Mwanzo, sumaku ikiwa na upole, vingi vilikuwa vyeupe:
nyongo kifukoni, damu njiani.
Nikapandisha. Mia nne.
Damu ikazimika.
Mia nane. Nyongo nayo ikafifia.
Karibu na lango la ini kitu kimoja kikakataa kuzimika,
wala hakikuwa duara lililojaa:
ukingo unawaka, katikati pamefifia.
Pete.

Nikafungua ramani ya pili, ile inayopima mwendo wenyewe.
Palipokuwa peupe, peusi.
Nikakaa na mikono mapajani.
Vipimo vingine vingekuja, kinyama kingekatwa, kingepelekwa maabara;
mimi wa picha tu, maneno ni ya daktari.

Nilipomtoa, akaketi ukingoni mwa kitanda
akitafuta kandambili kwa vidole vya miguu.
"Umesoma ngapi?"
Nikasema daktari atamwita Alhamisi.
Akanitazama kama alivyowatazama, nadhani,
wenye nyumba waliomwambia mita imeharibika.
"Sawa," akasema. "Nami niliwahi kuandika namba
nikaondoka kabla hawajafungua mlango."

Nikampa kisahani.
Pete akaijaribu kidole chake, ikazunguka.
Akaivaa kidole gumba.
Ikakaa.