Mshono Uliowahi

Cherehani yangu ikiruka uzi najua pa kuanzia:
sindano imekuwa butu, mvutano umelegea,
au mdogo wangu Ng'washi kaigusa tena.
Naipuliza vumbi, naitia mafuta, inatii.
Lakini hii ya kifuani
naifungulia wapi?

Ilianza usiku wa sare za kwaya ya Igogo,
magauni arobaini, chai ya rangi birika zima,
majani mengi hadi ulimi unakakamaa.
Tu, tu, tu-tu.
Kimya,
kama mtu amefika ukingoni mwa jabali, anachungulia ziwa.
Kisha DU!
pigo zito, gunia la dagaa likibwagwa pale Mwaloni.

Jirani akasema, umependa.
Kwa miaka yangu arobaini na saba nimpende nani, mwenye nyumba?
Mwingine akaniletea mizizi katika chupa ya soda.
Mimi nilimkumbuka baba,
aliyeanguka Kamanga akingoja kivuko, tiketi mkononi,
na hakuna aliyetuambia ni nini.
Wiki tatu nililala nimekaa.

Bugando iko juu kilimani, kana kwamba
walitaka moyo ujieleze wenyewe njiani.
Nilipumzika mara mbili.
Daktari Kokushubila alishika mshipa wa mkono wangu,
macho kwenye saa, hakusema kitu.
Mashine ikatoa karatasi ya mistari
na mimi, fundi, nikauona mshono kabla hajauonyesha:
sawa, sawa, sawa, halafu hapa
mmoja mpana, mbaya, umeshonwa mapema,
halafu nafasi tupu.

"Haujaruka," akasema. "Umewahi.
Pigo limekuja kabla ya zamu yake,
moyo ukanyamaza kidogo, ukajaa.
Kile kishindo ni damu iliyongoja."

Kumbe ni kuwahi.
Kama bibi harusi wa Jumamosi
anayegonga mlango Alhamisi, gauni halina mikono.

Wakanibandika nyaya kifuani, kikasha kiunoni,
mchana na usiku wake, niandike kila mshtuko.
Sikuwa na daftari jingine:

Mama Bwire, kifua 40, kiuno 36.
Saa nne na robo, umewahi.
Sketi ya Nyamizi, urefu 28, ipunguzwe.
Saa sita, umewahi mara mbili. Nabishana na mtu wa umeme.
Saa tisa usiku, mvua juu ya bati. Shwari.

Mapigo elfu tisa na ushee katika laki moja.
Nikashika kiti.
Akanigeuzia picha ya moyo, wangu, ukifumba na kufumbua
kama mdomo wa sato aliyetoka majini sasa hivi.
"Misuli ina nguvu. Ungekuwa umetanuka,
au mapigo haya yangefuatana bila kupumua,
tungekuwa na mazungumzo mengine."
Walipima chumvi za damu, walipima tezi ya shingo.
Nusu kidonge asubuhi, nusu jioni.
Chai nyepesi. Usingizi.
Nirudi baada ya miezi mitatu, tupige picha tena,
maana moyo unaowahi mno, mwaka baada ya mwaka,
waweza kulegea kama lastiki ya sketi.
Na nikizimia, au kifua kikibana, nisingoje tarehe.

Nikamuuliza habari za baba.
Akafunga faili polepole.
"Sikumpima," akasema. "Sijui."
Tangu mwaka ule, hakuna mwingine
aliyekuwa na adabu ya kutojua.

Jioni, nyumbani Mabatini, juu ya ngazi za mawe,
binti yangu Limi akalaza sikio kifuani pangu
kunihesabia:

moja
mbili
tatu nne


tano

"Mama, moyo wako haujui hesabu."
"Unajua. Una pupa tu.
Endelea."

sita
saba