Sahani ya Mbaraki

Aliandika Oaxaca kwenye daftari la wageni,
akatamka Wahaka,
na mamangu, Bi Zumo, juu ya mbuzi akikuna nazi,
akauliza: "Wahaka ni wengi. Mmoja je? Mhaka?"
Basi jina likamganda: Eulalia Mhaka,
mpangaji wa chumba cha juu, Kibokoni,
wiki mbili, kalipa zote mbele.

Hakuja kuona Ngome. Hakuuliza pwani.
Alikuja na begi moja, ndani yake pilipili kavu,
nyeusi, zimekunjamana kama vidole vilivyolala majini,
na kibonge cha chokoleti ndani ya kitambaa,
na picha ya nduguye, fundi wa injini,
aliyeshushwa Kilindini na homa, miaka sita sasa,
na melini hakupanda tena.
Kazikwa Mbaraki. Nambari anayo,
kwenye karatasi ya bima.

"Tarehe mbili wafu wetu huja kula," alisema,
kwa Kiswahili cha kitabu, kila neno limepigwa pasi.
Mama akaweka kizio chini.
"Maiti hali, mwanangu. Sisi twampelekea dua.
Chakula ni cha jirani, thawabu ndiyo imfikayo."
"Sisi," akajibu Mhaka, "tunapeleka vyote viwili.
Hatujui kipi kitapotea njiani."
Mama akanyamaza,
na Mama kunyamaza ni mvua ya Januari.

Akataja mafuta ya nguruwe. Sote tukatazama dari.
Samli, akaamua Mama, na shauri likaisha.
Pilipili zikakaangwa hata kichochoro kizima kikapiga chafya;
Sharifu wa ghorofa ya pili akafunga madirisha
moja moja, kwa adabu, ili tusikie.
Ufuta, njugu, karafuu, mdalasini,
ndizi mbivu, kipande cha mkate
kilichounguzwa kwa makusudi.
"Huu mchuzi au posa?" Mama akauliza. "Mbona vitu haviishi?"
Kisha chokoleti. Hapo akashika kichwa:
"Peremende kwenye kuku!"
Akadondosha tone kiganjani, akaonja. Akaonja tena.
Akatia ukwaju bila ruhusa.
Mhaka alipoonja, mato yakamjaa maji,
na mpaka leo hatujui
ulikuwa ukwaju au alikuwa nduguye.

Maua ndiyo yaliyotushinda.
Nikampa asumini; akatikisa kichwa. Kilua? La.
Alitaka rangi ya chungwa, harufu kali,
mfu asipotee.
Nikampeleka Mwembe Tayari kwa Hansaben,
aliyekuwa akitunga makoja ya Diwali.
Alipima kilo mbili,
hakuuliza ni za mungu gani.

Mbaraki, nyasi zilitufika magotini.
Mlinzi, Katoi, hata nambari hakuitazama.
"Yule wa meli? Nilimfukia mimi.
Tulikuwa watu watatu,
mmoja dereva, na hakuzima gari."
Akasugua jiwe kwa kandambili yake.
Eulalia akatawanya maua toka getini,
akaweka sahani, akaketi.
Tukakaa. Kunguru wakasogea, wakasogea.
Halafu akamwita Katoi, akamkabidhi sahani,
naye akala wali na ule mchuzi mweusi
taratibu, mpaka kwenye kifundo cha mkono,
akasema tu kwamba una moshi
na kwamba yule bwana alikuwa mzito.

Usiku nilimsimulia Mama.
"Kwani kaburi lina jirani mwingine?" akasema.
"Basi imefika."

Mhaka aliondoka Alhamisi. Katuachia pilipili saba,
zimo kwenye mkebe wa majani ya chai.
Juzi nilimkuta Mama kaufungua, ananusa,
na bila kugeuka akaniuliza
kama bado naijua njia ya Kikowani,
na kama babangu kweli hakupenda
zile zabibu za juu ya mkate wa sinia,
au alikuwa akinibakizia mimi.