Gari la Mwisho

Mimi ndiye mkia.
Mmoloki mbele, mimi nyuma, katikati magari sita
ya wageni wanaojiendesha wenyewe:
ramani wamelipia, hofu wamekuja nayo bure.
Tangu Lusaka, Mmoloki anatangaza redioni kama dalali wa mnada:
"Kushoto, twiga. Watatu. Mmoja ana mtoto."
Nikifika mimi, twiga ni tawi linalotikisika.
"Kulia, simba jike."
Nikifika, simba ni nyasi zilizolala
zinazoanza kuinuka.

Miaka tisa nimeijua nchi hii kwa kisogo chake.
Kinyesi ambacho bado kinatoa mvuke.
Nyayo juu ya alama za matairi,
au alama za matairi juu ya nyayo:
tofauti hiyo ndiyo elimu yangu yote.
Vumbi la Savuti lina ladha ya chaki,
la Nata, chumvi;
la njia ya Ghanzi sijui, huko huwa nimefunga mdomo.

Kazi yangu ni kuokota.
Kifuniko cha tangi. Kofia.
Ndoa ya vijana wawili wa Lyon
iliyodondoka kabla hatujafika Kazungula;
nikambeba mke kwenye kiti cha pembeni siku nzima,
hatukusema neno,
alinimenyea machungwa.

Na mzee Wiebe, mfuga ng'ombe wa Friesland,
kila palipo na mchanga yumo, hadi ekseli.
"Kwetu," anasema, "mwendo wa taratibu ndio salama."
Kweli, mzee, mwenda pole hajikwai,
lakini mchangani huzama.
Toa upepo kwenye matairi,
yaache yatandazike kama wayo wa ngamia,
usiguse breki,
na usimwombe Mungu katikati. Mwombe kabla.

Siku ya ishirini na mbili Mmoloki aliamka anatetemeka,
macho ya njano.
Tukamwacha hospitali ya Maun.
Redio akaniwekea mkononi
kama mtu anayekabidhi mtoto aliyelala.

Hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba mbele hakuna vumbi.
Kioo kilikuwa safi hadi nikaona haya.
Barabara imelala, hakuna aliyeikanyaga kwa ajili yangu,
na nyuma yangu magari sita yanangoja nitaje kitu.
Nikataja mbuni.
Sauti ikanikatika. Kwa mbuni!

Kisha Sehithwa.
Kisha miti ya miiba ninayoijua mmoja mmoja,
na wale pale, kando ya lami, wanavuka taratibu.
Mama katikati yao na kilemba chake cha pembe mbili;
kwa mbali usingemtofautisha.
Mwaka ule wa homa ya mapafu
serikali ilichinja wote, zizini zikabaki kamba.
Alianza tena na ndama wa kukopa.

Nikabonyeza.
"Kulia," nikasema, "ng'ombe.
Arobaini na mmoja.
Wa mama yangu."

Redio ikakoroma. Kimya.
Mtu fulani akacheka kidogo, akaacha.
Halafu sauti ya Wiebe:
"Nawaona. Yule mwekundu ana mimba,
miezi saba. Simama."

Tukasimama, magari yote, kama kwa simba.
Alishuka, akatembea hadi kwake,
akaweka kiganja ubavuni
akasikiliza kwa mkono.
Mama akamtazama mkono huo, si uso.
Hawakuwa na lugha. Walinyoosheana vidole: saba.
Saba.

Jioni, kwenye geti la Kuke,
matairi yakapita kwenye dawa,
nyama zikatolewa kwenye majokofu,
na kila mtu akaambiwa akanyage gunia lenye magadi
asivuke na chochote cha upande ule.
Wiebe alikuwa wa mwisho kwenye foleni.
Aliinua kiatu, akatazama kilichoganda kwenye soli,
akasita.
Mimi nilikuwa nimeshavuka,
nimeshageuka,
namsubiri kwa mazoea.