Msimu Umekwisha

Mara ya kwanza alisema ni korosho.
Ilikuwa Novemba, moshi wa kubangua umelala juu ya Kitangari,
na kila mwanamke aliyekaa kwenye benchi langu
alikuja na vidole vilivyobambuka.
Mafuta ya ganda hayachagui mkono.
Nikaandika daftarini: Somoe Mchopa, miaka 29,
kuungua, korosho.
Nikampa dawa ya kupaka. Akapiga goti kushukuru.

Mara ya pili ilikuwa shingoni.
Nikamuuliza, siku hizi unabangua kwa shingo?
Akacheka. Nami nikacheka.
Kicheko hicho nakikumbuka kuliko lile jeraha.
Nikaandika: korosho.

Januari, pesa za mnada zilipoingia
na nipa ikauzwa hadi karibu na lango la shule,
alikuja na mkono uliokataa kunyooka.
Ameteleza, akasema, akitoka kuchota maji.
Newala nzima tunajua maji yalivyo mbali,
basi nikaiamini njia,
nisimuulize nani alikuwa akimngoja mwisho wake.

Niseme kweli: nilijua.
Kati ya kwao na kwangu ni uzio wa mianzi tu.
Usiku nilikuwa nikiongeza sauti ya redio.
Mama aliyenizaa alinifunza
ya chumbani hayapigiwi mbiu,
na bendeji ninazo, nikajiambia,
kazi yangu ni kidonda, si kisu.

Leo ni Aprili.
Mikorosho ina majani matupu, salfa ingali dukani,
hata mabibo yaliyooza yameshasahauliwa na nzi.
Somoe kaja na Bihawa, miaka saba,
sare ya shule, soksi moja.
Mgongoni mwa mtoto kuna michirizi
inayopinda mwishoni, kama upindavyo waya wa pasi.
Nauliza. Mama anajibu upesi,
kama anayeitikia dua:
— Korosho.
Bihawa anamtazama, kisha ananitazama mimi.
— Mama, msimu umekwisha.

Hakupaza sauti. Alisahihisha tu,
kama mtoto aliyeona hesabu ya ubaoni ina kosa.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Kata imesema.

Kwenye droo nina kijitabu cha semina ya Mtwara,
siku mbili, soda na posho.
Nyuma yake nimeandika namba ya fundi bomba.
Leo nimekifungua kwa mbele.
Sheria ya Ndoa, kifungu cha sitini na sita:
hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo,
mila iseme itakavyo.
Mwaka sabini na moja!
Imenitangulia duniani miaka kumi na mitatu
na bado haijavuka uzio wetu wa mianzi.
Ya mtoto nayo inasema kumrudi kuwe kwa kiasi.
Kiasi.
Nimekitafuta kipimo chake kabatini,
kati ya mizani na kipimajoto.

Nimepiga simu dawati la jinsia na watoto.
Nimetaja jina langu kwanza, lisije likanirudisha nyuma.
Askari, sauti ya kike, kasema anakuja kwa pikipiki,
PF3 ataileta mwenyewe.
Somoe kanishika kiwiko:
— Nesi, akifungwa, tutakula nini?
Sijui. Kijitabu kina kurasa thelathini na mbili
na hilo halimo.

Ninapongoja nimerudi daftarini, hadi Novemba.
Nimelikata neno korosho kwa mstari mmoja,
mwembamba, ili lisomeke bado,
yeyote atakayefungua aone lilikuwapo
na aone mwandiko ni wa nani.
Kalamu imekauka katikati ya neno la pili.
Bihawa kanipa penseli yake,
imetafunwa kichwani.

Nje, pikipiki imezimwa.
Hatujajua bado ni ya nani.