Nyuzi Hamsini na Nane

Naliendele, saa nne usiku.
Mashine inapumua kama mtu mwenye mafua.
Ndani yake, katika vichupa vidogo kama maharage,
yamo majani ya muhogo ya Bi Asumini Nachuma wa Kitangari.
Aliyafunga kwa kipande cha kanga,
akayapakia basi la alfajiri,
akanipigia mara tatu kuuliza kama yamefika.

Yamefika, mama. Nimeshayasaga.
Nimeyatilia nyuzi zangu mbili fupi,
kila uzi herufi ishirini, basi.
Zilikuja kavu kutoka mbali,
vumbi lisiloonekana chini ya kichupa,
na kazi yao ni kutafuta mwenzao.

Kiswahili kilijua kabla yangu:
nyuzi ni uzi ukiwa mwingi,
nyuzi ni hatua za joto.
Mwalimu Mkwavila alituandikia ubaoni, kule Masasi,
*Nyuzi huachana kwa nyuzi.*
Tukacheka darasa zima. Tulidhani amekosea.

Tisini na tano: zote zinaachana.
Hapana ugomvi, ni mtetemo tu.
A inamwachia T aliyemshika kwa mikono miwili,
G inamwachia C aliyemshika kwa mitatu,
uzi mrefu unafumuka kama ukili.

Kisha inapoa.
Hamsini na nane.
Uzi mfupi unagusa, unateleza,
unashika herufi nne pasipo pake, unaachia,
unagusa tena,
mpaka zote ishirini zikubali.
Ikikataa moja tu, ya katikati,
unaning'inia kama kifungo cha shati kuukuu;
joto likiongezeka kidogo, umekwenda.

Na kila uzi una joto lake
ambapo nusu wameshikana, nusu wako peke yao,
wala hakuna aliyetulia:
huyu anaachia, yule anashika,
hesabu iko palepale.
Mimi na Likwena tuliishi hapo misimu mitatu.
Korosho zikiingia mnadani, huyo amekuja na godoro.
Fedha ikikata, huyo amekwenda na redio.

Watu husahau chumvi.
Nyuzi hizi zote zina hasi ileile,
zikisogeleana zinasukumana kama wake wenza.
Tia chumvi, zitavumiliana.
Mama yangu alikwangua chumvi Lindi
mpaka nyayo zikapasuka,
akiuza kwa debe, hajui
kuna kitu gani duniani kinashikana kwa ajili yake.

Saa tano kasoro umeme ukakatika.
Gesi inatoka kwetu Msimbati,
inapita chini ya ardhi kwenda zake;
mimi hapa na tochi ya simu.

Gizani vichupa vikapoa, vikapita kipimo.
Na baridi haichagui:
ikizidi, hata wasiofanana hushikana,
herufi sita huku, saba kule, ilimradi.
Jibu la namna hiyo silipeleki kwa mtu.

Simu ikalia.
"Mwanangu, zimeshikana?"
Neno hilo nilimfundisha mimi, siku ile shambani,
na sikumfundisha vizuri.
"Mama, omba zisishikane.
Nyuzi zangu hazitafuti muhogo,
zinatafuta ugonjwa, ile michirizi ya kahawia.
Zikipata mwenzao,
utang'oa ekari zote mbili."

Kimya. Nilisikia anasogeza sufuria.
"Na zikikosa?"
"Zitabaki peke yake."
"Zitakuwa zinafanya nini?"
"Zinazunguka tu majini, mama.
Zinagusa na kuachia,
hadi nitakapozima mashine."

Akafikiri kidogo.
"Basi na zizunguke," akasema,
"mie nina miaka kumi na mmoja nazunguka,
sijafa."

Umeme ulirudi saa saba.
Nilimwaga vichupa vyote,
nikafungua kanga, yalikuwa yamebaki majani mawili.
Nikaanza upya, tisini na tano.