Kiporo

Posta imeleta maboksi kumi na mawili,
kila boksi santuri ishirini na tano,
nyeusi, nzito, baridi kama mfuniko wa sufuria
uliosahaulika nje usiku wa Januari.
Nimeyapanga sebuleni, nimekosa pa kukanyaga.
Paka wa mke wangu amekalia boksi la juu
kama mtu aliyelipia.

Mara ya kwanza zilikuwa kanda hamsini tu.
Tulizinakili moja moja, mimi na Jarmo,
kwa redio ya dada yake, ile ya kanda mbili.
Majalada tuliyatoa kopi maktabani Ivalo
mkutubi alipotoka kunywa kahawa.
Wino ulikuwa unaisha.
Ule weusi uliosifiwa na watu wa Ugiriki na Brazili,
wakatuandikia barua juu yake,
ulikuwa kijivu.

Wanasema ya kale dhahabu.
Hii yetu ilikuwa chuma, na kutu tuliipaka wenyewe.

Tulirekodi ndani ya ghala la viazi la kina Oiva,
chini ya ardhi, milango miwili,
maana kiazi hakitakiwi kuganda
na vidole vyetu vilihesabiwa humo pamoja na viazi.
Nje, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Jua lilikuwa limeaga tangu mwanzo wa Desemba.
Shetani hatukumwita.
Tulikuwa na miaka kumi na saba;
tulichokichukia kwa dhati ni somo la Kiswidi.

Jarmo alilikwangua gitaa
kama mtu anayekwangua barafu kwenye kioo cha gari
na kazini keshachelewa.
Mimi nilipayuka ndani ya maikrofoni iliyovishwa soksi.
Nyuma yetu Oiva, mwembamba, jina la babu yake,
mvua ya mawe juu ya bati,
alipiga mpaka mapigo yakaungana
yakawa kitu kimoja kinachotetemeka, karibu na kimya.

Aprili ya mwaka uliofuata barafu ya ziwa ilianza kuoza mapema.
Pikipiki yake ya theluji ilipatikana Juni.

Jarmo sasa anauza matairi Oulu.
Nilipompigia alicheka: nani atakula kiporo hiki?
Nikamwambia mia moja na arobaini zimeshaagizwa.
Akanyamaza, akauliza kama jina lake limeandikwa sawasawa.

Fundi wa sauti yuko Tampere, anaitwa Henriikka,
hata kuzaliwa alikuwa bado.
Amezisafisha kanda wiki tatu, uvumi baada ya uvumi.
Usiku mmoja akanipigia:
Wimbo wa tatu, dakika ya sita, sekunde kumi na moja,
kuna mlango. Halafu mwanamke.
Anasema viazi vinapoa.
Nifute?

Miaka yote hiyo mashabiki walibishana juu ya sauti ile.
Wapo walioapa ni mzuka.
Mmoja, wa Kraków, alidai ni Kilatini kilichogeuzwa.

Nikasema acha.

Ya kwanza sikumtumia mteja.
Nilimpelekea Raili kwenye nyumba ya wazee,
na mashine ya santuri nimeibeba kwapani.
Muuguzi akafunga mlango kwa adabu.
Raili hakukunja uso, hakuziba masikio,
alikaa akisikiliza vile anavyosikiliza taarifa ya hali ya hewa.
Dakika ya sita akainua kidole.

Mlichelewa, akasema. Nilivipasha moto mara mbili.

Kisha: Rudisha.
Si pangu. Rudisha pale anapoanza kupiga.

Nikasimama na sindano mkononi, sijui niiweke wapi.
Oiva anapiga tangu mwanzo.