Viti Viwili

Jumapili, saa moja asubuhi, juu ya Riat,
tunaegesha kwa mshazari, pua zote zikitazama ziwa,
na hata kabla ya salamu simu zimeshatoka mifukoni.
Harjit ndiye wa kwanza, daima. Gari lake ni la samawati,
amelipiga picha likiwa limelowa, likiwa kavu,
likiwa nusu ndani ya kivuli cha ghala la baba yake.
"Sikilizeni," asema, na picha haina sauti,
basi anaunguruma yeye mwenyewe, midomo ikitetemeka,
mpaka mate yanafika kwenye kioo cha simu.

Ogweno haongei, Ogweno hujitapa kwa pakruok,
kana kwamba yuko ngomani na noti mkononi:
"Mimi mwana wa Alego, nyuki wa chuma,
niliyetoka Kericho chai ikiwa moto
nikaingia Ahero chai ikiwa moto!"
Tunacheka. Tunajua kikombe kilimwagika Awasi.
Tunaujua na mkopo wa chama cha akiba,
ila mtu hasutwi deni siku ya kuvaa kanzu mpya.

Nasimiyu ana picha moja tu, ya usukani.
"Linanisikiliza," asema. "Nyumbani hata redio hainisikilizi."
Hapo hatukucheka kwa sauti.

Kisha wananigeukia. "Mwalimu, na lako?"

Langu ni jekundu, dogo, paa lake hukunjwa kama mwavuli.
Lilishuka melini likiwa na umri wa miaka kumi na minane
na sauti ya kike inayosema Kijapani kila nikiliwasha.
Ananikaribisha, nadhani. Au ananionya.

Miaka thelathini na minne nilifundisha hesabu kule Muhoroni.
Niliandika ubaoni: *gari lilitoka mji A saa mbili asubuhi
kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa,*
kisha nikapangusa chaki, nikarudi nyumbani kwa miguu.
Marehemu alikuwa na pikapu. Alikuwa na msemo pia:
mwanamke akishika usukani, barabara huota kona.

Kiinua mgongo kilipoingia, wanangu walisema: jenga vyumba vya kupangisha.
Shemeji akasema: ng'ombe wa gredi, wawili, mmoja ana mimba.
Niliwasikiliza wote. Niliwaambia ahsanteni.
Nikapanda basi la usiku kwenda Mombasa.

Picha zangu si nzuri. Hii, kidole changu kimo.
Hii ni ya kiti cha pili: nimelifunga mkanda debe la omena,
maana bila mkanda gari hulia pi pi pi hadi Kisian.
Hili ni tuta la Mamboleo. Tazama chini, hapo,
mkwaruzo mrefu tumboni, kama wa kisu cha daktari.
Nami ninao, wa kifungua mimba wangu.
Na hii nimeipenda: watoto wa jirani wameandika
kwenye vumbi la buti, kwa kidole, MWALIM,
nami nikaongeza U, nikawapa alama nane kwa kumi.

"Na mwendo?" Harjit hajatosheka. "Umelifikisha ngapi, Mwalimu?"

Ngapi. Niliangalia viatu vyangu kwanza,
vilevile vya mpira, vya kusimamia gwaride.
Ilikuwa Jumanne, kabla trekta hazijaamka,
barabara ya Miwani, miwa kulia, miwa kushoto.
Paa nililikunja. Nilikuwa nimejifunga leso kichwani.
Sitini niliipita nikiwa bado nawaza hesabu,
gari limetoka mji A, litafika saa ngapi.
Themanini, mabua yalikuwa bado mabua.
Penye mia yakawa ukuta mmoja wa kijani,
na leso ikaruka, ile ya matanga yake, nyeusi yenye maua,
nikaiona kwenye kioo ikipepea, ikitua penye mtaro.
Sikurudi kuiokota.

Picha ya hapo sina, Harjit.
Mikono yote miwili ilikuwa na kazi.